Milimita Kumi na Nane na Ushei

Iringa mjini hakuna reli. Nimekulia Kihesa, na mpaka namaliza kidato cha nne sikuwahi kuona treni kwa macho yangu. Nilichokuwa nacho ni mabasi na malori. Gari likitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya au Tunduma hupanda mlima Kitonga, likaja kupita Ipogolo, chini ya mji wetu. Siku za likizo mimi na kaka yangu tulishuka hadi huko, tukakaa kando ya barabara kuyahesabu, na jioni tukarudi nyumbani kuyatengeneza kwa maboksi. Kaka alikuwa mtu wa haraka: boksi, wembe, vifuniko vinne vya soda, basi limekwisha. Mimi nilikuwa bado natengeneza viti vya ndani.

Mkosoaji wangu wa kwanza alikuwa mjomba. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Akipita Iringa hulala kwetu usiku mmoja, asubuhi anaendelea. Nikiwa na miaka 10 nilimpelekea lori langu. Aliligeuza juu chini, akacheka mpaka akakohoa.

"Mjomba," aliniambia (yeye na mimi huitana hivyo hivyo), "hili kona ya kwanza tu ya Kitonga linalala. Mzigo wote huo umeuweka kwenye tairi mbili?"

Nililia. Kesho yake kulipokucha, kabla hajawasha gari, nilimletea lori jingine lenye tairi pacha nyuma, nimezikata kwenye ndala za mama. Mjomba alilipokea, akaliweka mbele ya usukani, akaondoka nalo. Mimi nikabaki kuchapwa kwa ajili ya ndala.

Mbeya nilikuja kusoma stashahada ya ujenzi. Nilipanga chumba Iyunga, upande wa stesheni ya TAZARA, na usiku wa kwanza honi ya treni ilinirusha kitandani. Asubuhi nilikwenda stesheni kuangalia. Hakukuwa na treni, lakini reli zilikuwepo, na hizo zilinitosha. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande kigumu kuliko vyote, cha kutoka Mlimba kupandisha Makambako, kinapita kwenye mahandaki na madaraja marefu kuja kwenye nyanda zetu hizi. Nilisimama pale kama mtu aliyeonyeshwa baharini kwa mara ya kwanza. Wiki hiyo hiyo nikaamua kutengeneza injini ya TAZARA kwa skeli ya 1:20.

Kazi ya modeli ni hesabu moja inayorudiwa mara elfu: pima, gawanya kwa 20, kata. Sikuwa na duka la vifaa. Kule Ulaya na Marekani mtu hununua boksi lenye vipande vyote tayari, akaunganisha. Mimi nilikuwa na kadi za manila, mbao za makreti, gundi ya mbao, chupa za maji za kukatia vioo vya madirisha, na msasa. Magurudumu alinikerezea fundi mmoja wa Mwanjelwa, ambaye kazi yake ni kukereza miguu ya vitanda. Aliniuliza mara tatu kitanda gani hicho chenye miguu 12 mifupi namna ile. Mchoro nilikuwa nimeupakua kwenye simu, mchoro mzuri, una vipimo kila mahali. Miezi saba. Rangi nilipaka mara tatu, kila mara nikikwangua na kuanza upya, kwa sababu vumbi la kiangazi la Iyunga halina adabu.

Mwaka wa pili chuoni kwetu kulikuwa na maonyesho ya kazi za wanafunzi. Niliibeba injini kwenye boksi la televisheni, kwa bajaji, nimeipakata kama mtoto. Mmoja wa waliokuja kutathmini kazi alisimama mbele ya meza yangu kwa muda wa kusoma jina langu tu.

"Dada, miaka miwili ya ujenzi, halafu unatuletea mdoli?"

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Akasogea meza ya pili, kwenye modeli ya vyoo vya shule, akakaa hapo robo saa. (Vyoo vilikuwa vizuri, sikatai.)

Siku mbili baadaye, nikiwa bado sijalifungua lile boksi, mzee jirani aliniona nikilihamishia ndani. Huyu ni mstaafu wa reli, kila jioni yuko barazani kwake na redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umenunua televisheni?"

Nilimweleza. Akaomba aione. Alivaa miwani, akaipakata injini mapajani, akanyamaza. Alipitisha kidole kwenye kila dirisha. Alizima redio. Nadhani tulikaa dakika ishirini hivi, mimi nikisubiri sifa, kwa sababu mtu hazimi redio bure. Kisha akaigeuza, akatia vidole viwili katikati ya magurudumu, akavitanua, bado havikufika.

"Hii si yetu."

"Ni ya TAZARA, mzee. Hata maandishi nimeandika ubavuni."

"Maandishi ni yetu. Injini si yetu. Miguu imepanuka. Ikija hapa stesheni, gurudumu moja litakuwa kwenye reli, jingine kwenye kokoto."

Alisema kwa upole, lakini nilichukua boksi langu, nikaaga vibaya.

Usiku nilipiga hesabu. Mchoro wangu ulikuwa wa injini ya huko China kwenyewe, na reli za China zina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. TAZARA ilijengwa na Wachina, lakini kwa upana wa milimita 1,067, ili iungane na reli za Zambia na nchi za kusini. Ukigawanya kwa 20, mimi nilikuwa nimeweka magurudumu umbali wa milimita 71.75, yalitakiwa yawe 53.35. Nimekosea kwa milimita 18 na ushei.

Unaweza kusema ni kidole kimoja tu. Lakini Reli ya Kati, ile ya zamani, upana wake ni milimita 1,000. Kwa skeli yangu tofauti yake na TAZARA ni milimita 3 na kitu, unene wa sarafu mbili. Kwa sababu ya sarafu mbili hizo, behewa la Kigoma haliwezi kwenda Mbeya. Reli hizo mbili zinakutana Kidatu, na mzigo unashushwa kwenye treni moja kupakiwa kwenye nyingine. Na sasa tuna SGR, ambayo ni 1,435. Kwa hiyo injini yangu ingeweza kwenda Dodoma kwa starehe kabisa. Ni Mbeya tu, mji niliokuwa naishi, ndiyo isingefika.

Niliisukuma chini ya kitanda.

Maneno mawili yale, la mdoli na la miguu kupanuka, yaliingia kichwani mwangu yakawa neno moja. Sikuyatenganisha. Nilijiambia: wa kwanza kasema ni upuuzi, wa pili kathibitisha kwamba hata huo upuuzi siuwezi. Wala sikuona kuwa wa kwanza hakuwa ameiangalia modeli hata kidogo, na wa pili aliiangalia kuliko mtu yeyote duniani, kaka yangu akiwemo. Na huo wa pili ndio uliouma zaidi. Kejeli ya wa kwanza ningeweza kuisimulia kwa marafiki tukacheka. La mzee nisingeweza kumsimulia mtu, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Nikatafuta mawakili. Nilikuja kusoma kwamba Waingereza, wanaopenda treni ndogo kuliko taifa lolote nililolisikia, wamezoea skeli ya 1:76 inayotembea kwenye reli ya milimita 16.5. Kwa hesabu sahihi ilitakiwa iwe karibu 18.8. Wanajua. Kwa miongo mingi wameishi na kosa hilo la zaidi ya milimita mbili, wachache wanalirekebisha kwa kujenga reli zao wenyewe, wengi wanaendelea kufurahi. Wana hata jina la kuwakejeli wakosoaji wa kupita kiasi: wahesabu ribiti. Nilifurahi mno. Nikamwita mzee mhesabu ribiti, kimoyomoyo, kwa miezi kadhaa. Sikujiuliza kwa nini, kama nina haki namna hiyo, nazunguka njia ya nyuma ya soko ili nisipite barazani kwake.

Jambo hili halikubaki chini ya kitanda. Mwaka ule nilikuwa nimeanza kujaza maombi ya kusoma usanifu majengo, Dar es Salaam. Nilifika mahali pa kuambatisha kazi. Nilikuwa na picha za injini, nzuri, za mwanga wa asubuhi. Nikiziangalia naona miguu iliyopanuka. Nikajiambia nitamalizia kesho. Dirisha la maombi likafungwa nikiwa na kesho yangu mkononi. Nyumbani niliwaambia mfumo ulisumbua.

Desemba nilikwenda Iringa. Kutoka Mbeya reli na barabara huenda upande mmoja, zinatengana na kukaribiana tena, mpaka Makambako, ambako reli inageukia mashariki kuteremka Mlimba, na basi linaendelea Mafinga. Nilikaa dirishani. Kila reli ilipotokea niliangalia simu.

Mjomba ameshaacha malori, analima. Alikuwa nyuma ya nyumba na glasi ya ulanzi.

"Mjomba, ile treni uliyosema utaniletea iko wapi?"

"Niliacha, mjomba. Masomo yamebana."

Alinitazama tu. Nikamweleza yote, pamoja na maombi ambayo mfumo haukuyasumbua. Kwa yule wa mdoli alisonya, hakuongeza neno. Kwa mzee wa reli alianza kucheka, na akacheka mpaka akakohoa, kama zamani.

"Kwa hiyo mzee wa watu kakwambia miguu imepanuka. Na kweli imepanuka?"

"Imepanuka."

"Sasa umesusa nini?"

Nilikasirika, kwa sababu neno hilo ni la watoto. Mtoto anasusa ugali, watu wazima wanasema mwacheni, njaa itamrudisha. Nilitaka kumwambia mimi sijasusa, nina mambo mengi. Ila nilikumbuka ndala za mama. Nikiwa na miaka 10 nilikosolewa usiku, nikalia, na alfajiri nilikuwa na lori jingine. Nikiwa na miaka 23 nilikosolewa jioni moja, na mwaka mzima ulikuwa umepita. Pale katikati nilikuwa nimejifunza uwiano, hesabu za mihimili, michoro ya kompyuta. Kulia tu nilikuwa nimekusahau.

Januari, asubuhi na mapema, nilikwenda na futi kamba mahali barabara inapokata reli Iyunga. Nilichuchumaa, nikapima kutoka uso wa ndani wa chuma hadi uso wa ndani wa chuma. 1,067. Nilikuwa nimeishi karibu na kitu hicho muda wote huo, nimekitengeneza kwa miezi saba, na sikuwa nimewahi kukipima.

Kurekebisha si kusogeza magurudumu tu. Ukiyaingiza ndani, fremu inagoma. Ukipunguza fremu, ngazi za pembeni zinakosa pa kushika. Nilizing'oa ngazi nne, nikaziweka kwenye kopo. Gundi ya mbao niliyokuwa najisifia ilinilipa: upande mmoja wa bodi ulikatika nayo. Fundi wa Mwanjelwa alinikerezea ekseli mpya na kuniuliza kitanda kilikuwaje. Wiki sita. Maombi nimeyatuma tena pia, sijajibiwa hadi leo.

Nilipita njia ya mbele. Mzee alikuwa barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ulihama?"

"Nilikuwepo."

Hakuuliza zaidi. Akazima redio, akapokea injini, akatia vidole viwili katikati ya magurudumu. Safari hii vilifika. Akaigeuza, akaisimamisha kwenye ukingo wa baraza, akaisogelea mpaka miwani ikakaribia kugusa madirisha. Nilibana pumzi. Akatikisa kichwa.

"Dereva wako anapandia wapi?"

Zile ngazi zilikuwa bado kwenye kopo, chumbani kwangu.

Niliona uso ukiwaka, nikaona pia mkono wangu ukilitafuta boksi ili niondoke. Mzee alikuwa ameshasimama. Akanyanyua mguu wa kulia polepole, akaushikilia hewani, mkono mmoja kwenye nguzo.

"Daraja la kwanza lilikuwa hapa. Asubuhi ya baridi goti linalia. Pima."

Nilitoa futi kamba. Kutoka sakafuni hadi unyayo wa kandambili yake, sentimita 46. Gawanya kwa 20.

"Usiteremshe mguu kwanza, mzee," nilimwambia, "nipime tena."