Siku 28 za Leeds, Siku 10 za Tanga

Shangazi alinipigia kutoka Tanga hata sijafika nyumbani kutoka mahakamani Leeds. "Mkate rufaa, mwanangu. Jaji mwingine atamwonea huruma."

Mwanawe alikuwa amefungwa miaka miwili na miezi minane. Alivuta bangi, akashika usukani, akamgonga mwendesha baiskeli na kumvunja nyonga. Huku, tangu Machi 2015, dereva akikutwa na zaidi ya mikrogramu 2 za kilevi cha bangi katika lita moja ya damu, tayari ana kosa, hata kama gari halijagusa mtu. Yeye aligusa. Kuendesha kwa hatari na kujeruhi vibaya kifungo chake hakizidi miaka 5, na alikuwa ameshapunguziwa theluthi kwa kukiri mapema.

Nilipata kazi kumweleza shangazi kwamba huruma haina nafasi kubwa hapa. Majaji wa rufaa hawajiulizi wao wangetoa miaka mingapi. Wanatazama kama mwenzao alikosea kanuni au adhabu imepita kiasi. Kwa hilo hatutofautiani nao. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema vivyo hivyo katika kesi ya Ogola mwana wa Owuor, na majaji wa Kenya wanainukuu hadi leo.

Tofauti iko mlangoni. England unaomba kwanza ruhusa ya kukata rufaa, ndani ya siku 28, na jaji mmoja anasoma makaratasi yako peke yake. Akikataa, una siku 10 za kazi za kuomba tena mbele ya jopo. Wakiona unawachezea, wanaweza kuamuru baadhi ya siku ulizokwisha kukaa ndani zisihesabiwe. Ila rufaa yako mwenyewe haiwezi kukuongezea kifungo.

Tanzania, ukihukumiwa mahakama ya wilaya, huombi ruhusa ya mtu. Unatoa notisi ndani ya siku 10, kisha sababu za rufaa ndani ya siku 45, na muda wa kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi hauhesabiwi. (Wenye ndugu jela wanajua nakala hiyo inavyosubiriwa.) Hata aliyekiri kosa anaweza kulalamikia adhabu. Lakini Mahakama Kuu ina uwezo wa kuipunguza na wa kuiongeza. Nilipomwambia hilo, shangazi alinyamaza.

Pamoja na hatari hiyo, mimi naupenda mlango wa nyumbani. Mfungwa asiye na wakili anasimama mbele ya jaji akasema lake. Binamu yangu alijibiwa kwa barua, na jibu lilikuwa hapana. Hakuomba tena.

Kama una ndugu aliyehukumiwa huko Tanzania wiki hii, usikae ukingoja nakala. Nenda gerezani umuulize kama ameshatoa notisi, maana siku 10 zinahesabiwa tangu siku ya hukumu.