Mzee Mwenye Mawe

Mizani ya kaunta ilisoma 25.2. Niliitazama kwa jicho la kazi nikiomba iwe na hitilafu, maana hitilafu za mizani ndizo zinazonilisha mwaka wa 21 sasa. Haikuwa nayo. Ndani ya sanduku langu la bluu mlikuwa na mawe manne ya mizani, kila moja kilo 5 kamili. Sanduku lenyewe kilo 3.4. Spana, bisibisi na koleo kilo 1.8. Jumlisha mwenyewe. Tiketi inaruhusu 23. Binti wa kaunta akanishauri nipunguze vitu vingine nivibebe mkononi. Nikamwambia spana hazipandi na abiria. Akacheka, nami nikalipa uzito wa ziada bila kubisha. Sijapata kushindwa hoja kwa uhakika namna ile.

Nilikuwa naenda Kagera kupitia Mwanza. Mei ndiyo vyama vya msingi huko vinafagia maghala kusubiri kahawa ya maganda, na mizani ikiyumba hata robo kilo pana ugomvi. Kazi yangu ni kutangulia kuitengeneza, kisha ofisa wa Wakala wa Vipimo anakuja kuhakiki na kubandika stika. Mkulima wa kahawa ana kumbukumbu ndefu kuhusu mizani. Asiyekuona ukipima na mawe mbele yake haamini, na simlaumu.

Ndege ilikuwa ya saa 12:40 asubuhi. Saa 12:30 tukaambiwa saa 3. Saa 3 tukaambiwa saa 5. Sauti ilikuwa ya kike, tamu, na kila mara ilitaja “sababu za kiuendeshaji”. Maneno hayo nimeyageuza kila upande tangu siku ile, na sijaona yanachoeleza. Baadaye abiria mmoja, kijana aliyewahi kufanya kazi za uwanjani, ndiye aliyetufungua macho: ndege moja hupangiwa mizunguko kadhaa kwa siku, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa hiyo ikikohoa alfajiri mji mmoja, jioni abiria wa mji mwingine ndiye anayepata mafua. Maelezo ya nusu dakika. Sote tulituliza mabega. Mbona hawakusema wao?

Jengo lile la pili la uwanja wa ndege wa Dar lilifunguliwa 1984, na aliyelichora ni Mfaransa Paul Andreu, yule yule wa uwanja wa Roissy, Paris. Nililitazama dari lake kwa saa saba na ushee, nadhani kuliko alivyolitazama yeye.

Karibu yangu walikaa wazungu wawili waliochanganyikiwa kabisa. Tangazo la Kiswahili lilisema saa 5, la Kiingereza likasema 11, nao walikuwa wamejifunza namba za Kiswahili kidogo tu, za kutosha kujipotosha. Nikawaeleza kwamba sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Nikakumbuka aibu yangu ya Addis Ababa. Miaka kadhaa nyuma nililala huko usiku mmoja nikisubiri ndege ya kuunganisha, nikapatana na dereva wa teksi kwa Kiingereza anifuate “two o’clock”. Nikajua ni saa 8 mchana, nikalala fofofo. Saa 2 asubuhi mlango unagongwa. Kumbe Waethiopia nao wanahesabu kama sisi, tangu alfajiri, hata neno lenyewe ni ndugu: sisi “saa”, wao “sa’at”. Mswahili mzima nilikuwa nimetafsiri saa yangu kwenda ya kizungu nisije nikaonekana mshamba, na yeye alikuwa amenipa ya nyumbani kwake, ambayo ndiyo ya nyumbani kwangu. Alinisubiri nivae, akakataa hata nyongeza.

Saa 6 mchana katibu wa chama akapiga.

“Fundi, shikamoo. Umefika wapi?”

“Marahaba, katibu. Nipo njiani, nakaribia.”

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha chuma, Dar es Salaam, hatua 200 kutoka nilipoteremka teksi.

Tuliruka saa 8 mchana. Mwanza nikasimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukabaki unazungusha boksi moja la samaki la mtu asiyejulikana. Sanduku langu halikutokea. Kijana wa mizigo alikuwa na adabu, akatoa fomu.

“Rangi?”

“Bluu.”

“Ndani kuna nini, mzee?”

“Mawe.”

Akanyanyua uso. “Mawe ya nini?”

“Ya mizani.”

Akaandika MAWE, kwa herufi kubwa, akaishia hapo. Mizigo husomwa kwa herufi tatu: Mwanza ni MWZ, Mtwara ni MYW. Macho yaliyoamka saa 9 usiku yakikutana na herufi hizo yanaweza kuteleza. Mawe yangu yalikuwa yamekwenda kwenye korosho, pembe ya kusini mashariki, wakati mimi nimesimama kaskazini magharibi. Nusu ya kuchoka kwangu ilikuwa kicheko.

Sasa sikiliza kilichotokea kwenye ukumbi wa kusubiria pale pale Mwanza. Tulikuwa kama 30 tunaoendelea Bukoba, tumeshazoea ile sauti tamu, tumejiandaa kukasirika. Akatoka mwanamume amevaa shati jeupe lenye mistari mabegani, rubani mwenyewe, akasimama mbele yetu bila kipaza sauti. Akasema ameongea na Bukoba, wingu limelala chini juu ya ziwa, kunanyesha, na yeye haendi leo. “Siendi,” basi. Hakuna aliyepandisha sauti. Mama mmoja mwenye khanga mabegani akasema, “Ahsante, baba.” Kila mtu pale anaijua Novemba 6, 2022, ndege ilipotumbukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa kati ya 43 waliokuwamo, na waliofika kwanza kuwaokoa wengine walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Lakini sidhani ni kumbukumbu hiyo tu iliyotutuliza. Asubuhi tuliambiwa na mtu ambaye zamu yake ikiisha anakwenda kula nyumbani. Jioni tuliambiwa na mtu ambaye, kama tungepaa, angekaa kiti cha mbele kuliko sote. Mimi tofauti hiyo naiona kubwa, kubwa kuliko tofauti ya saa saba na usiku mzima.

Nikalala gesti, kesho yake usiku nikapanda meli.

MV Victoria imo ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilijengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, na baada ya ukarabati mkubwa ilirudi kazini 2020. Inabeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Nayo ilichelewa! Ilichelewa saa nzima na dakika 20. Ila kuchelewa kwa meli unakuona kwa macho. Ukiegemea nguzo za pembeni unaliona lori la mabati limerudi nyuma hadi gatini, unawaona makuli wakishusha bunda moja moja, unaweza hata kuhesabu yaliyobaki. Mzee mmoja kando yangu alihesabu kwa sauti. Yalipobaki kumi watu wakaanza kutandika vitenge vyao sakafuni wajilaze, maana walijua. Hakuna aliyeuliza tunaondoka saa ngapi.

Ilikuwa siku chache baada ya Mei 21, tarehe ambayo MV Bukoba ilizama 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Wengi wamelala makaburi ya Igoma. Yule mama wa “ahsante, baba” alikuwamo melini pia. Nilimuuliza kama haogopi maji. Akasema ndege ilimwogopesha, basi linamwogopesha, na kwao ni ng’ambo, sasa afanyeje? Akatoa kifurushi cha jani la mgomba, akanipa akamwani, buni zilizochemshwa na majani ya viungo kisha zikakaushwa. Ndicho Wahaya wanachompa mgeni kabla ya neno lolote. Ukitafuna zinakuwa chungu kwanza, halafu harufu inapanda puani, halafu usingizi unakwisha. Kulipopambazuka, Kemondo ikapita, Bukoba ikaonekana na kijani chake kilicholoa.

Chamani, Muleba, nilikuta wakulima wapatao kumi na wawili wamekaa barazani. Walikuwa wamefika tangu jana asubuhi kushuhudia mizani inavyopimwa, wengine walitembea. Nikauliza kwa nini hawakurudi nyumbani. Mzee mmoja akanijibu taratibu, “Katibu alituambia fundi yuko njiani, anakaribia.”

Nilishindwa pa kutazama. Maneno yangu mwenyewe, hata hayakubadilishwa. Sikuwa na kipaza sauti wala sauti tamu, lakini kazi ilikuwa ile ile: mtu amekaa kwenye kiti Dar, anamwambia aliye barazani Muleba kitu kisichoeleza chochote, ili simu ikatwe. Ningesema “ndege imekwama, sijui itaruka lini, waambie warudi mashambani”, ingenigharimu nini? Aibu kidogo ya kuonekana fundi asiyejua ratiba zake. Niliwaomba radhi, nikawasimulia yote, na nilipofika kwa mawe yaliyokwenda Mtwara wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Fundi mwenzangu wa Bukoba akaniazima mawe yake, tukaipima mizani mbele yao, kilo 5, 10, 15, 20, kila mmoja akiinama kusoma. Ilikuwa inapunja gramu 300. Kimya kilichofuata sikusimulii.

Kurudi nilikataa ndege. Basi lilitoka Bukoba alfajiri, na baada ya kupita Ushirombo likatoa mlio kama wa mbuzi, likasimama. Kondakta hakupoteza muda:

“Abiria, mkanda wa feni umekatika. Wa akiba upo ila si saizi yake, huo nimeubeba mimi, nilaumuni mimi. Mwingine unatoka Kahama na pikipiki. Saa mbili, zaweza kufika tatu. Wa kuchimba dawa, kina baba kushoto, kina mama kulia, na msiende mbali.”

Hotuba ile ningeipa nishani. Ndani yake mna kosa, mwenye kosa, dawa, muda, na choo. Dereva alikuwa ameshaingia chini ya injini, miguu tu ndiyo inaonekana, ndala moja imemvuka. Watoto wakatokea na mahindi ya kuchoma kama waliokuwa wameambiwa. Pikipiki ilifika baada ya saa tatu na dakika kumi. Kondakta akaomba radhi kwa zile kumi.

Singida, usiku, chai. Dodoma nikapanda treni ya umeme, ile iliyoanza safari zake 2024, ikaondoka kwa dakika yake na kufika Dar kama ilivyoandikwa. Sina la kuisimulia.

Siku tisa baadaye simu ikaita, namba nisiyoijua.

“Samahani, ndiye mzee mwenye mawe?”

“Ndiye.”

“Mzigo wako umerudi.”

Sanduku lilikuwa na lebo nne, moja juu ya nyingine, na kona imebonyea. Nikalipeleka karakana, nikayapima mawe dhidi ya yale ninayoyafungia kabatini. Jiwe la kilo 5 la daraja langu haliruhusiwi kupotoka zaidi ya miligramu 250. Matatu yalikuwa mazima. La nne lilikuwa limemeguka ukingoni, kipande kidogo kama punje ya hindi, limepungua gramu 1 na nusu. Kwa macho ni kama si kitu. Kwa kazi yangu limekufa. Sasa linazuia mlango wa karakana usigongwe na upepo wa mchana, na wateja wanaoingia hulisukuma kwa mguu.