Nomino Haijulikani kwa Sura

Aghalabu mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Kenya huipokea nomino ya Kiingereza kupitia fasili moja: ni jina la mtu, mahali au kitu. Fasili hiyo ni nyepesi kukariri, na humfaa mtoto madhali sentensi zinataja paka, meza na Nairobi. Utata huzuka maneno yanapoanza kubadili kazi.

Mathalani, mtoto hupewa sentensi "The boys water the flowers" atambue nomino. Hupigia mstari "boys", "water" na "flowers". Mwalimu hutia alama ya kosa kwenye "water", kisha huchukua daftari jingine. Mtoto hubaki ameduwaa. Kwani maji si kitu? Ndoo anayojitwika kila jioni ina nini basi? Ameifuata fasili neno kwa neno, na fasili ndiyo iliyomponza. Asipoelezwa, huenda akaamini kuwa Kiingereza ni lugha ya kubahatisha.

Katika Kiswahili mtoto huyo hababaiki. "Maji" hayawi kitenzi. Anayemwagilia maua huhitaji neno jingine kabisa. Fauka ya hayo, nomino ya Kiswahili hutawala sentensi: kitabu changu kizuri kimepotea, vitabu vyangu vizuri vimepotea. Ngeli hujitangaza katika kivumishi na katika kitenzi. Kiingereza hakina upatanisho mpana kiasi hicho. Nomino yake hutambulika zaidi kwa nafasi na kwa majirani wake, kama vile "a", "the" na "my".

Basi mwalimu na aweke sentensi mbili ubaoni: "The water is cold" na "The boys water the flowers". Wanafunzi wajaribu kubadilisha neno. Katika ya kwanza, "tea" litaingia pasi na taabu. Katika ya pili, "pick" ndilo litakalokubali. Watajionea wenyewe kwamba swali si neno lataja nini, bali lafanya kazi gani.

Katika madarasa ya chini, aghalabu mwalimu mmoja hufundisha lugha zote mbili. Hana haja ya kuifungia ngeli nje ya kipindi cha Kiingereza. Mtoto asemaye "kuimba kwake kunapendeza" tayari anajua kwamba hata tendo laweza kuwa nomino. Ujuzi huo anao kinywani. Kilichobaki ni kuonyeshwa kuwa anao.