Mtoto Aliyesita Katika Sura ya Nuhu

Jambo hili twaliandika nasi twaona haya.

Tumesomesha watoto chuoni hapa Mombasa kwa miaka 29, na muda mwingi tulidhani kuwa mtoto asiyesoma ana moja kati ya mawili, uvivu au utukutu. Na dawa ya yote mawili tulikuwa nayo kando ya mkeka. Serikali ya Kenya ilipokataza viboko skuli mwaka 2001, sisi tulisema chuo si skuli.

Mwaka 2017, katika kusi, baba wa mwanafunzi wetu mmoja alitoka kwenda kuvua asirudi. Mashua ilionekana, mwenyewe hakuonekana. Hitima ikasomwa, mtoto akarejea chuoni. Alikuwa katika juzuu ya Tabaraka, naye ni mwepesi wa kuhifadhi. Lakini kila alipofika aya ya 25 ya Sura ya Nuhu hunyamaza, akatazama miguu yake. Tulimrudisha mwanzo, tukamkemea. Siku ya nne tukampiga. Hakulia.

Aliyetuzindua ni mwalimu wa ushauri wa skuli yake, binti mdogo kuliko mwanetu wa kwanza. Alikuja baada ya Alasiri, akatoa salamu, akasema mtoto huyu hapati usingizi wala chakula hakimpiti. Kisha akauliza, "Maalim, anasoma wapi sasa?" Tukamwambia. "Na aya hiyo yasemaje?"

Ulimi wetu ukawa mzito. Aya ile yataja watu wa Nuhu, waliogharikishwa kwa makosa yao wakatiwa Motoni. Na maana yake sisi wenyewe tuliwafasiria watoto, kwa sauti kubwa, wiki ile ile aliporejea.

Jioni tulimwita barazani. Tukamweleza kuwa wale ni watu waliomkadhibisha Mtume wao, na kwamba Mtume wetu (S.A.W.) amewahesabu waliokufa maji miongoni mwa mashahidi. Akauliza, "Hata kama hakuzikwa?" Tukasema, hata kama hakuzikwa. Hapo ndipo alipolia.

Usingizi haukurejea mara moja. Yule mwalimu aliendelea kukaa naye kila Jumatano, na mamake akampeleka kwa daktari wa maradhi ya nafsi, majirani wakanong'ona. Wanong'one. Shirika la Afya Duniani lasema katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi ya namna hiyo. Chuoni petu wa umri huo ni 21. Hisabu ni nyepesi.

Hadithi ya Abu Umayr, nduguye mdogo Anas bin Malik, ambaye Mtume alimuuliza habari za kijidege chake kilichokufa, tuliisomesha miaka yote. Hatukujua kuwa nayo ni kazi ya mwalimu.

Bakora haipo tena. Nanyi wazazi, mtoto akifikwa na jambo, tuambieni mlangoni, kabla hajaketi mkekani.