Kumbe Si Barabara

Kila tuliposhuka kutoka Nkoaranga na kukanyaga breki, gari lilitetemeka na kuvuta kulia, watoto walishikana. Mama mwenzangu, tulilaumu mashimo mwaka mzima!

Jumamosi moja, tukiwa na baba watoto, tulipaki penye tambarare, tukazuia magurudumu kwa mawe, tukainua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi ya chuma. Jeki peke yake haiaminiki.

Gurudumu la kushoto, pedi ya ndani ilikuwa imelika karibu kufikia chuma; ya nje bado nene. Pini za kalipa zilikwama kwa kutu. Tulizisafisha, tukazipaka grisi ya breki, tukabadilisha pedi za magurudumu yote mawili ya mbele. Kabla ya kuondoka tulikanyaga pedali mpaka ikawa ngumu.

Jumapili tuliteremka polepole. Mdogo alisinzia.