Na Kompyuta Mkononi, Kibera Hadi Kawangware

Nairobi nilikuwa nikiijua kwa shughuli za katikati ya mji tu. Kibera sikuwahi kukanyaga mpaka binti wa dada yangu aliponipigia simu Mombasa: "Mjomba, kompyuta ya watoto imekataa kuwaka, na mitihani ndiyo hiyo." Hufundisha jioni katika chumba cha mabati upande wa Makina, na kompyuta hiyo ya mezani ndiyo pekee waliyo nayo. Fundi mmoja wa mjini alikuwa ameshamwambia, bila hata kuiona, kwamba pawa saplai imeungua anunue nyingine.

Nilishuka Makina kukiadhiniwa alasiri. Hapa ndipo waliposhika makao askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na vizazi vyao vingalipo. Kwa salamu na Kiswahili chao sikujiona mgeni. Kilichonishangaza kilikuwa juu ya mapaa. Nyaya zimepishana hata anga laonekana vipande vipande. Nyingi ni za sambaza: mtu huvuta stima kutoka nguzoni, akawagawia majirani kwa malipo ya mwezi. Wanaoitumia siwalaumu, maana kwa miaka mingi wengi hawakuwa na njia nyingine. Lakini nyaya hizo huua watu na huteketeza nyumba.

Chumbani nilianza ukutani, kwa kuwa ndiko stima inakoanzia safari: soketi, waya, pawa saplai, madabodi, kisha kitufe. Nilichomeka chaja ya simu, ikachaji. Nikabadilisha waya wa kompyuta. Kiswichi chekundu cha nyuma, kile cha kuchagua 115 au 230, kilikuwa kwenye 230, nayo ndiyo sahihi Kenya, ambako stima ya nyumbani ni volti 240. (Kompyuta itokayo Marekani inaweza kufika ikiwa kwenye 115, na ukiichomeka hivyo huku pawa saplai huungua papo hapo.) Nikabonyeza. Hapana taa, hapana feni.

Binti wa dada alimjua fundi wa Kawangware. Asubuhi yake tuliifunga kompyuta kwa leso, tukapita soko la Toi tukipishana na wabeba marobota ya mitumba hadi Adams, kwenye Barabara ya Ngong. Matatu ilitufikisha Dagoretti Corner, kondakta akatulipisha nauli ya kiti cha kompyuta. Nyingine ikatambaa Barabara ya Naivasha nyuma ya mikokoteni mpaka Kawangware, ambako biashara imemwagika hadi barabarani: sukuma wiki, viatu, mahindi ya kuchoma, simu kuukuu.

Kibanda cha fundi kiko karibu na steji ya 46. Ni kijana mpole, na hakutaja bei kabla ya kazi. Aliichomoa pawa saplai kutoka kwenye madabodi, akaunganisha waya wa kijani na mmoja mweusi kwa kipande cha waya, kisha akaitia stima. Feni ikazunguka. Ndivyo inavyojulikana kama iko hai pasipo kuifungua. Na asiifungue asiyejua, kwani kapasita za ndani huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Akatazama kapasita za madabodi kama zimevimba, ugonjwa wa kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zilikuwa sawa. Akachomoa ramu, akaisafisha, akairudisha, akabonyeza.

Ikawaka.

"Madam, hii mashine haina shida," akamwambia binti wa dada. "Kule kwenu stima ni ya token ama ni ya sambaza?"

Jioni alikuja nasi Kibera na mita yake. Watoto walikuwa wameketi tayari. Akapima soketi: volti 148. Chaja ya simu isingetuambia hayo, kwa kuwa hutengenezwa ifanye kazi kuanzia volti 100 hadi 240, lakini pawa saplai ya aina ile, ikiwa kwenye 230, haiwaki kwa stima hafifu hivyo. Waya uliofika darasani ulikuwa mwembamba na mrefu, na kabla kompyuta haijaanza kukataa, jirani alikuwa amefungua saluni inayotumia waya huohuo. Waya wa namna hiyo ni kama bomba moja la maji la mtaa mzima: wa mwisho hupata matone.

Nilipendekeza stabilaiza. Fundi akakataa, nami namuunga mkono: stabilaiza ingepandisha volti kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi katika waya uleule, na waya ukizidi kupata moto hapo juu ya mabati na mbao, hatari ni ya mtaa mzima. Hatimaye darasa lilihamia chumba cha jirani mwingine chenye mita ya token, yaani stima ya kulipia kabla. Kompyuta inawaka kila jioni, na pawa saplai ni ileile iliyosemwa imeungua.

Nawaomba wanaofadhili madarasa ya kompyuta katika mitaa yetu: pamoja na mashine, wapeni na mita ya kupimia stima. Huuzwa kwa mamia machache ya shilingi. Na fundi aipime soketi jioni, majirani wote wakiwa nyumbani, kabla mtu hajatoa pesa kununua kifaa chochote.