Bawa Hufuata Meza

Mtu anayerusha ndege ndogo ya mbao kwa rimoti huulizwa mengi: inakwenda kwa kasi gani, inapanda juu kiasi gani, imegharimu pesa ngapi. Ni nadra aulizwe iliundwa juu ya meza gani. Hata hivyo, katika miezi minne niliyounda ndege ya namna hiyo pamoja na mtoto wa marehemu kaka yangu, nimetambua kwamba swali la meza ndilo linalotangulia mengine yote, tena haliwahusu waundaji wa ndege peke yao.

Tunaishi Liège, nchini Ubelgiji. Kijana wetu alifika hapa akiwa na umri wa miaka 15. Baba yake alifariki Goma, naye akiwa bado mdogo, na tangu siku ile alilelewa katika nyumba za watu mbalimbali. Mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na sehemu kubwa ya wakaaji wa Goma wakaamriwa kuuhama mji, alikwenda Sake kwa miguu pamoja na majirani. Kutoka hapo akapelekwa Bukavu, na baada ya miaka kadhaa akaja kwetu. Kwa desturi yetu mtoto wa kaka yako ni mwanao, nawe ni baba yake mdogo. Lakini desturi haiondoi ukimya. Katika majira yake ya kwanza ya baridi alikuwa akisema maneno machache tu kwa siku, na barua zilizotoka shuleni zilimtaja kuwa kijana mkaidi.

Siku moja mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa akihama nyumba alinipa sanduku ambalo hakuwahi kulifungua. Juu ya kifuniko palikuwa na picha ya ndege nyekundu. Kijana aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Baba mdogo, hii inaruka kweli?" Lilikuwa swali lake la kwanza kwa majuma mengi, nami nikajiambia kwamba sanduku hilo halitarudi kabatini.

Ndani ya sanduku la namna hiyo hamna ndege. Mna vijiti, vibao vyembamba, mbavu za bawa zilizokwisha kukatwa, waya wa magurudumu, na karatasi kubwa iliyochorwa ndege katika ukubwa wake halisi. Bawa letu lilikuwa na urefu wa sentimita 160 kutoka ncha hadi ncha, na chombo chote, pamoja na mota, betri, kipokezi cha redio na vijimota vya kusogeza usukani, kilitakiwa kisizidi kilo 2 kwa mengi. Ndiyo maana mbao zake karibu zote ni za balsa. Balsa ni mti wa Amerika ya kitropiki, na mbao zake nyingi zinazouzwa duniani hutoka Ekuador. Katika elimu ya mimea ni jamaa wa mbuyu na msufi. Mita moja ya ujazo ya balsa iliyokauka huwa na uzito wa kilo 160 hivi, wakati maji ya ujazo uleule yana kilo 1,000. Kijana wetu alikuwa amezoea chukudu za Goma, zinazochongwa kwa mti mgumu kama mkaratusi ili zibebe magunia ya viazi na makaa. Alipokishika kibao cha balsa alicheka: "Hii ni mbao au ni mkate?" Nikamweleza kwamba wepesi si udhaifu ukiwekwa mahali pake: wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliunda ndege ya kivita, Mosquito, kwa balsa iliyobanwa katikati ya tabaka za mbao ngumu.

Kabla ya kukata chochote tulikwenda kwenye chama cha warusha ndege cha sehemu yetu kuomba ushauri. Tulipokewa na mzee mmoja, seremala mstaafu. Hakutuuliza tumenunua gundi gani wala mota ya nguvu gani. Aliuliza: "Mtajengea wapi?" Nikajibu, mezani, pale tunapolia chakula. Akaenda ndani, akarudi na bawa moja la zamani, akamwambia kijana afumbe jicho moja na kulitazama kutoka nyuma. Mbavu za upande wa kulia zilikuwa zimejipanga kama askari. Za upande wa kushoto zilipanda polepole kuelekea nchani, kama ngazi iliyoegemea vibaya. Bawa lilikuwa limepotoka. "Aliyeliunda," mzee akasema, "alikuwa na mikono mizuri sana. Kila kiungo ni safi. Kosa lilikuwa katika meza yake."

Akatueleza sababu. Bawa hujengwa likiwa limelala juu ya ule mchoro, kila kijiti kikiwa kimebanwa kwa pini hadi gundi ikauke. Wakati huo mbao hazina umbo lao wenyewe. Hulitwaa umbo la kilicho chini yao. Meza ikiinuka milimita tatu katika pembe moja, bawa nalo litainuka pembe ileile, na gundi itayahifadhi makosa hayo kwa uaminifu uleule ambao ingeuhifadhi unyofu. Kupotoka kwa digrii mbili au tatu tu kunatosha kuifanya ndege ivutwe upande mmoja siku zote. Nguvu ya kupotoka kwa bawa ni kubwa hivi kwamba Wilbur na Orville Wright waliitumia kuiongozea ndege yao: ile iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 iligeuzwa kwa kamba zilizoyakunja mabawa kidogo, huku moja likienda hivi na jingine vile. Tofauti ni kwamba wao walikunja na kukunjua wapendavyo. Bawa lililopotoka mezani halina wa kulikunjua.

Tukarudi nyumbani, tukanyoosha uzi juu ya meza yetu ya chakula. Katikati ilikuwa imebonyea. Tukanunua mlango mtupu wa mbao, usiotumika, ulio bapa kabisa, tukauweka juu ya meza, na chini ya pembe zake tukatia vipande vya karatasi ngumu mpaka uzi ukagusa kila mahali. Kazi hiyo ilichukua jioni mbili, na hatukuwa tumeunganisha hata kijiti kimoja. Kisha tukautandaza mchoro, juu yake tukaweka plastiki nyepesi ili gundi isishike karatasi, na ubavu wa kwanza ukasimama.

Hapo kijana alianza kuzungumza. Mikono inapokuwa na kazi, ulimi husahau kuogopa. Usiku mmoja, tukingoja gundi ikauke, akasema bila kuinua macho: "Baba mdogo, Bukavu mzee mmoja alisema juu yangu: samaki mkunje angali mbichi. Akasema, huyu amekwisha kukauka. Sasa ninaelewa alichosema. Nyumba zote nilizokaa, hakuna iliyokuwa na meza iliyonyooka."

Ndugu zangu, lugha yetu hutumia neno lilelile kwa mbao na kwa mtu: kunyooka, kupotoka. Mfano nilioufurahia mezani mwa seremala ulikuwa umemgeukia mtoto wangu kuwa hukumu. Maana ikiwa bawa hufuata meza, na meza haikuchaguliwa na bawa, basi aliyelelewa katika vita, katika njaa, katika nyumba za kupokezana, atasema nini? Sikuwa na jibu la haraka, wala sikutaka kumpa faraja ya maneno matupu, kwa kuwa alikuwa ameuliza kwa uzito. Nikamwambia: "Jumamosi tutamuuliza mwenye bawa."

Mzee alimsikiliza kijana kuhusu bawa, bila kuambiwa mengine. Akajibu kwamba wapo wanaolikunja kwa mikono upande wa pili: hurudi lilivyokuwa, au huvunjika. Wapo wanaolivika ile plastiki ya rangi inayobanwa kwa pasi, wakalivuta linyooke kwa joto. Kwa kiasi kidogo hilo hufaa, lakini lile lililopotoka sana huanza kurudi siku plastiki inapolegea juani. "Kwa hiyo hutupwa?" kijana akauliza. Mzee akasema hapana. Akampa bawa lile achukue nyumbani, akamweleza la kufanya.

Tulilifanya kwa siku nne. Kwanza tuliondoa plastiki yote, hata mifupa ikaonekana. Pili, kijana akavikata kwa wembe viungo vile tu vilivyokuwa vikilishikilia kosa. Mbavu zenyewe hakuzigusa, kwa kuwa hazikuwa na hatia. Tatu, alipitisha mvuke wa birika kwenye vijiti virefu, kwa sababu balsa iliyopata unyevu na joto hulegea. Nne, akalilaza bawa juu ya mlango wetu, akalibana kwa pini, akaweka vitabu juu ya ncha iliyokuwa ikiinuka, na kuliacha likauke usiku kucha na mchana kutwa. Ndipo akatia gundi mpya. Alipolitoa akafumba jicho moja, akalitazama kutoka nyuma, kisha akanipa mimi nilitazame. Mbavu zote zilikuwa mstari mmoja. Hakusema neno. Ila usiku ule alikula sahani mbili.

Hapo ndipo nilipopata jibu ambalo sikuwa nalo. Methali ya samaki ni ya kweli kwa samaki. Mbao, hata iliyokauka, inaweza kurudishwa mezani, lakini kwa masharti: meza iwe imenyooka kweli, kinachokatwa kiwe kile kilichoshika kosa na si mtu mzima, na muda wa kukauka usipunguzwe. Aliyemwita kijana huyu mkavu alikuwa amemkunja kwa mikono, akashangaa alipomwona akirudi alivyokuwa. Na sisi wakubwa tulio wengi hufanya vivyo hivyo: tunamsukuma kijana anyooke, huku sisi tuliopaswa kuwa chini yake tumebonyea katikati.

Majira ya kuchipua tulikwenda uwanjani. Kwa mwanafunzi, rimoti mbili huunganishwa: ya kwake na ya mwalimu. Mwalimu akiwa amebonyeza kitufe, mwanafunzi ndiye anayeiongoza ndege. Akikiachia, uongozi wote humrudia mwalimu. Mzee alimfundisha pia jambo linalowatatiza wote wanaoanza. Ndege ikija kuelekea kwako, kulia na kushoto kwake huonekana kubadilishana, na mkono hukosea. Dawa yake ni fupi: lione bawa linaloshuka, usukume kijiti cha rimoti upande huohuo, kana kwamba unalitilia mhimili. Mara tatu mzee alikiachia kitufe akaiokoa ndege yetu. Mara ya nne bawa lilishuka, nikaona kidole cha kijana kikiufuata upande ule, na ndege ikalala sawa. Kitufe kilibaki kimebonyezwa mpaka ilipotua, ikapinda waya wa gurudumu moja, ambao ulinyoshwa kwa koleo.

Kisha mzee akaifunga kwenye ndege yake kazi ya mikono ya kijana: lile bawa la zamani, sasa limevikwa plastiki ya manjano. Akairusha, akaipandisha juu, akaondoa vidole vyake vyote kwenye rimoti na kuinua mikono ili kijana aone. Ndege iliendelea mbele bila kuvutwa kulia wala kushoto.

Wapendwa vijana, huenda wengi wenu hamtapata sanduku la namna hii, na haidhuru. Lakini katika vikundi vyenu mnapokea kila mwaka wadogo zenu, na baadhi yao wametoka katika nyumba ambazo hawakuzichagua. Mkikutana juma hili, jiulizeni: ni nani kati yetu tuliyekwisha kumtangaza kuwa mkavu? Ni kiungo gani hasa kilichomshika, nasi tukalaumu mbavu zake zote? Na kabla ya kumlaza juu ya kikundi chetu, je, tumekwisha kuunyoosha uzi, tukaona ni wapi sisi wenyewe tumebonyea?